Mti wa Bunduki Uliokwisha Nusu

Vitu vingi siku hizi hutufikia vikiwa nusu tayari. Milango huja imekatwa, ikingoja kurandwa. Viti huja vipande vipande ndani ya sanduku. Hata nguo huja zimekatwa, zikingoja sindano tu. Nasi twavipokea kwa furaha, tukidhani ya kuwa kazi iliyobaki ni ndogo. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za kitu kimoja cha namna hiyo, maana kilikaa nyumbani kwangu hapa Usevya siku nyingi, nami nalikitazama kikikamilishwa tangu mwanzo hata mwisho. Kitu chenyewe ni mti wa bunduki.

Bunduki ina mwili wa aina mbili. Kuna chuma: kasiba, yaani mtutu unaopitisha risasi, mtambo, unaopokea risasi na kuifunga kwa komeo, na kifyatulio, kinachovutwa kwa kidole. Tena kuna mti, unaokishika chuma hicho chote na kukiunganisha na bega la mtu. Sehemu ya nyuma ikaayo begani huitwa kitako, na wengine huuita mti wote kwa jina hilo. Kati ya kitako na mtambo pana mahali pembamba panaposhikwa kwa mkono. Fundi wetu alipaita shingo. Msomaji aikumbuke shingo hiyo, maana habari nyingi za miti ya bunduki ni habari za shingo zilizovunjika.

Mwenye bunduki ni mkwe wangu, babaye mke wangu, aliyekuwa askari wa wanyamapori miaka mingi kabla ya kustaafu. Bunduki yake ni raifoli, yaani ile ambayo ndani ya kasiba yake imechorwa mifereji ya kuzunguka, ili risasi iende ikijizungusha na isiyumbe njiani. Mtambo wake ni wa namna ya Mauser, uliobuniwa Ujerumani mwaka 1898, na risasi zake ni za kipimo cha .375, kilichotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na kinachotumika hata leo katika Afrika kwa wanyama wakubwa. Anayo leseni, na nambari ya bunduki imeandikwa polisi. Siku moja pikipiki iliyombeba iliteleza katika tope, naye akaanguka juu ya bunduki yake. Yeye alipona na michubuko, bali shingo ya mti ikakatika vipande viwili.

Asiyekaa huku aweza kuuliza, Mzee aliyestaafu ana haja gani na bunduki kubwa namna hiyo? Usevya ni katika nchi ya Wapimbwe, mkoa wa Katavi, upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, na baada ya kuongezwa eneo lake ni kilomita za mraba 4,471. Haina ukuta. Mpunga na mahindi yetu yanapokaribia kukomaa, habari hufika kwa viboko na tembo upesi kuliko zinavyofika kwa wachuuzi. Mara nyingi madebe, mioto, na kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu hutosha kuwarudisha, na ni afadhali hivyo, maana mnyama wa hifadhi si mali ya mtu awaye yote kumwua apendavyo. Lakini hutokea siku ambayo nyati aliyejeruhiwa na mtego au na bunduki ya mwizi ameingia kichaka cha karibu na kisima. Askari wa serikali ni wachache na nchi ni pana. Siku hiyo humwomba mkwe wangu afuatane nao. Nyati akipigwa risasi iliyokwenda kando kwa upana wa viganja viwili, hafi. Huingia majanini, hugeuka, na kuwangoja wamfuatao.

Basi ilipovunjika shingo ile, jamaa walishauri mengi. Mmoja alisema itiwe gundi. Mwingine alisema ifungwe kwa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kama chuma. Shauri hili la pili si la kuchekwa. Katika siku za misafara, bunduki za gumegume zilipopita kwa wingi Tabora na Ujiji kwenda pande zote, nyingi zilitengenezwa kwa ngozi, na zikaendelea kulia miaka mingi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki mpya za raifoli zisiletwe Afrika isipokuwa kwa masharti makali, lakini gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango, chini ya masharti yake. Ndiyo sababu bunduki za kale zilikaa kwetu muda mrefu baada ya kuachwa Ulaya. Hata Wajerumani wenyewe, vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wa askari wao katika nchi hii walishika Mauser ya mwaka 1871, iliyotoa moshi mwingi hata adui akajua alipo mpigaji. Lakini gumegume na .375 si kitu kimoja. Risasi ya .375 ina uzito wa gramu 19 na zaidi kidogo, nayo hutoka kasibani kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde moja. Nguvu iisukumayo mbele huusukuma mtambo nyuma, na kinachoupokea mtambo ni mti. Gundi na ngozi zingemdanganya mwenye bunduki mara mbili tatu, kisha zingemwacha siku ya haja.

Mkwe wangu alikataa mashauri yote mawili. Alikwenda polisi akaeleza yaliyotokea. Kisha kwa njia ya mfanyabiashara mwenye ruhusa akaagiza mti mpya kutoka nje. Miezi minne ikapita. Ulipofika, watu wa nyumbani walikusanyika kuutazama. Ulikuwa wa mjozi, mti wa nchi za Ulaya na Asia ambao mafundi wa bunduki wameupenda tangu zamani kwa kuwa ni mgumu bila kuwa mzito mno, na nyuzi zake hukubali kukatwa upande wowote bila kubanduka. Rangi yake ilikuwa ya kahawia yenye mistari myeusi. Umbo lilikuwa tayari: kitako, shingo, mfereji wa kulazia kasiba, na shimo la kukalia mtambo. Shemeji yangu mdogo alichukua chuma akakiweka juu yake, kikakaa juu ya ukingo kama mtoto aliyekaa juu ya ndoo, bila kuingia ndani. “Kumebaki kidogo tu,” akasema. “Kesho itakwisha.”

Ilikwisha baada ya wiki saba.

Hapa yafaa niseme habari za sheria, maana najua wako wasomaji wenye mikono mizuri ya useremala watakaotamani kujaribu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza silaha bila leseni ya kazi hiyo. Kwa hiyo fundi alitoka Tabora, mtu mzima mwenye leseni, akapewa chumba kwangu kwa kuwa nina meza ya useremala yenye jiriwa, ninayoitumia kuwafundisha vijana kazi za mikono. Polisi walijulishwa. Kila jioni chuma kilifungiwa katika sanduku, na komeo lake lililala kwa mkwe wangu, nyumba nyingine kabisa.

Hata hivyo wazazi wawili walininung’unikia. Walisema si vema watoto wa shule waone kazi ya bunduki, kwani magobore yameleta huzuni nyingi katika bonde hili. Wana haki ya kusema. Wako vijana wa vijiji vyetu waliofungwa kwa ajili ya gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji na gogo la mninga, na wako waliopoteza vidole bomba hilo lilipopasuka. Mimi naona hivi: siku za Jumamosi naliwaruhusu vijana wakubwa watazame kazi ya mti, chuma kikiwa kimefichwa. Aliyeona jinsi mti mmoja unavyokwanguliwa mara mia tatu hatalidharau tena gogo wala chombo. Anayetaka kunilaumu na anilaumu.

Jambo la kwanza alilofanya fundi lilikuwa kutofanya neno lolote. Aliupima mti kwa mzani, akaandika uzito wake kwa penseli ukutani, akauning’iniza darini mahali penye hewa pasipo jua. Baada ya siku nne akaupima tena, ukawa umepungua. Akaupima tena na tena, hata vipimo vitatu vikawa sawa, ndipo akasema sasa mti umeizoea nchi. Mti hunywa maji ya hewa na kuyatapika. Ukichongwa kabla haujatulia, shimo ulilolilinganisha leo litakuwa limebadilika mwezi ujao. Kwa muda huo alirudi Tabora kwa kazi zake, akaniachia mimi kazi ya mzani. Katika siku hizo nalijifunza pia kuutazama. Alinionyesha jinsi nyuzi za mti zilivyopita shingoni: zilikuwa zimenyoka, zikifuata mteremko wa shingo kama maji yafuatavyo mfereji. Kitakoni zilijipinda na kufanya maua mazuri. “Maua yakae kitakoni,” alisema. “Mtu akikuletea mti wenye maua shingoni, Mwalimu, mrudishie.”

Kisha ikaanza kazi ya masizi. Fundi alichukua skrubu mbili ndefu zisizo na vichwa, akazitia katika matundu ya mtambo, ili chuma kishuke katika shimo lake kwa njia iliyonyoka kila mara. Akakusanya masizi ya kibatari, akayachanganya na tone la mafuta, akakipaka chuma kwa brashi, utando mwembamba sana. Akakishusha polepole, akakigonga kidogo kwa nyundo ya mti, akakiinua. Ndani ya shimo yakaonekana madoa meusi matatu, kila moja kama punje ya mtama. Akachukua patasi iliyonolewa hata inanyoa nywele za mkono, akayakwangua madoa yale matatu tu. Akapaka tena, akashusha tena, akainua tena. Safari hii madoa yalikuwa manne.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi hata jioni. Mashine ilikuwa imeondoa karibu mti wote uliopasa kuondolewa. Uliobaki haukuzidi unene wa ukucha. Lakini mashine huchonga kwa kufuata mfano mmoja, na mitambo miwili haifanani, hasa iliyosuguliwa na kutumika miaka mingi. Mashine haikukijua chuma cha mkwe wangu. Wala haikumjua mkwe wangu mwenyewe. Hayo mawili ndiyo iliyomwachia fundi, nayo ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe.

Nalimwuliza kwa nini asikwangue zaidi mara moja ili chuma kiingie upesi. Akasema kwamba chuma kitaingia, ndiyo, kisha kitacheza. Penye mti mweupe chuma hakigusi. Penye doa chuma kinagusa. Akikwangua mahali peupe amechimba shimo lisilohitajiwa, wala hawezi kuurudisha mti alioutoa. Tena masizi yenyewe husema uongo mara nyingine: ukikishusha chuma kimepinda kidogo, huchafua ukuta wa shimo na kukuonyesha doa mahali pasipogusa. Kwa hiyo, alipoona doa asilolitarajia, alilifuta kwa kitambaa na kurudia upya kabla ya kushika patasi. Siku moja alifanya hivyo mara tano kwa doa moja, na mwisho hakulikwangua.

Chini ya mtambo wa Mauser, upande wa mbele, kuna jino nene la chuma. Kazi ya jino hili ni kuupokea msukumo wa bunduki na kuutia katika mti. Fundi alikaa nalo siku mbili. Alitaka uso wote wa nyuma wa jino ukae juu ya mti kama kiganja kilivyokaa juu ya kiganja, bila pengo hata la unywele. Lakini mbele yake, chini yake na pande zake aliacha nafasi. Likigusa kwa pembe moja tu, nguvu yote hupita katika pembe ile, na mti hupasuka kidogo kidogo, mwenye bunduki asijue. Nyuma ya jino alitoboa kwa keekee mahali pa kupitisha pingu ya chuma kukata upana wa mti, kama wafanyavyo kwa bunduki zipigazo teke kali.

Sasa nafika mahali pa shingo. Mtambo una mkia wa chuma ulioingia juu ya shingo, na kila atazamaye bunduki huutazama mkia huo kwanza, aone kama mti umeukumbatia vizuri. Hata mimi, kama mngeniuliza ni wapi fundi mwema angeonyesha ustadi wake, ningepataja hapo. Fundi aliulinganisha mti pande zote mbili za mkia mpaka usingeweza kuingiza ncha ya wembe. Kisha nyuma ya mkia, mwisho kabisa, akaukata mti akaacha uwazi wa unene wa karatasi chache. Mkwe wangu alipokuja jioni, aliuona uwazi ule mara moja.

“Fundi,” akasema, “hapa pamekushinda?”

“Hapana, Mzee. Hapa ndipo niliposhinda.”

Akaeleza. Bunduki inapolia mtambo hurudi nyuma, kidogo sana, hata kama jino limekaa sawasawa. Mkia ukiwa umegusa mti kwa nyuma, hugeuka kuwa kabari, na kila risasi ni pigo la nyundo juu ya kabari. Na kabari hiyo imeelekezwa wapi? Shingoni, kwa kufuata nyuzi zilezile tulizozisifu kwa kunyoka. Alikwenda akavileta vipande vya mti wa zamani. Mbali na mpasuko mpya wa ile ajali, nyuma ya mahali pa mkia palikuwa na ufa mweusi wa siku nyingi, umejaa mafuta na vumbi. Pikipiki ilikuwa imemaliza tu kazi iliyoanzwa na kabari. Mkwe wangu aliupitisha ukucha wake katika ufa ule, akanyamaza. Bunduki ile alikuwa ameibeba nayo imepasuka, mbele ya nyati, asijue ni kwa miaka mingapi.

Naweka hapa neno la pembeni. Mambo ya namna hii yamo katika kila bunduki, kila moja kwa desturi yake. Raifoli ya .303 iliyobebwa na askari wa KAR ilikuwa na mti wa vipande viwili, na kitako chake kilikazwa kwa skrubu ndefu iliyopita ndani. Asiyejua alianza kuifungua skrubu hiyo kabla ya kuondoa mti wa mbele. Na kwa kuwa ncha yake ya pembe nne imeshikwa mbele, aliupasua mti kwa bisbisi yake mwenyewe. Vitako vyake vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, kwa kuwa askari si wa kimo kimoja. Jambo hilo la urefu ndilo lililoleta mashauri marefu kuliko yote nyumbani kwetu.

Fundi alimwambia mkwe wangu asimame, afumbe macho, ainue bunduki begani kama mtu anayetaka kupiga, kisha afumbue. Mti ukimfaa mtu, akifumbua macho huona ya kuwa jicho lake liko nyuma ya shabaha bila kusogeza shingo. Mkwe wangu alipofumbua, alikuwa akitazama angani. Kitako kilikuwa kirefu mno kwake. Fundi akapima, akasema zipaswa kukatwa sentimita tatu.

Mkwe wangu hakutaka. Amekwisha kupita miaka sabini; alisema mti huu utaishi kuliko yeye, na mwanawe, yule shemeji yangu, ni mrefu wa mikono. Afadhali ubaki mrefu, yeye atajibana. Fundi alikataa kwa adabu. Alisema bunduki ndefu hukamatwa na koti wakati wa haraka, na teke lake hupiga mkono badala ya bega. Tena akamkumbusha kwamba bunduki si kama shamba: mwenyewe akifa hupelekwa polisi, na mwana hana budi kuomba leseni yake mwenyewe, naye aweza kupewa au kunyimwa. “Nyati hatamngoja mwanao, Mzee. Atakukuta wewe.”

Mimi ni mkwe. Katika maneno kama hayo sina sauti, nikatoka nje. Walikaa muda mrefu. Asubuhi fundi alikata, kwa msumeno wa meno madogo, taratibu, karatasi imegandishwa pande zote za mti ili usichanike ukingoni. Kile kipande hakukitupa. Alikiandika alama ya penseli kuonyesha upande wa juu, akampa mkwe wangu, akasema ya kuwa mtu mrefu akija kwa leseni yake, kipande kile chaweza kurudishwa kwa gundi na misumari ya mti, na mistari ya mjozi itakutana. Mkwe wangu amekiweka pamoja na hati zake.

Kazi ya nje ilikwenda upesi, nami sitaieleza sana: tupa ya mbao, kisha kigae cha chupa kwa kukwangua, kisha msasa. Vijana wangu walicheka walipomwona fundi akimaliza pembe za ndani kwa majani ya mti wa msasa, kwa kuwa wao huujua msasa wa karatasi wa dukani tu. Wala hawakuwa wamejiuliza jina hilo lilitoka wapi. Ulipolainika, aliufuta mti kwa kitambaa chenye maji, akaukausha karibu na makaa. Laika za mti zikasimama, kama malaika ya mkononi mtu aonapo baridi. Akazikata kwa msasa, akalowesha tena. Mara ya nne hazikusimama, nao mti ukawa tayari kwa mafuta.

Mafuta yalikuwa ya kitani, yale yaliyochemshwa, maana mabichi hukawia mno kukauka. Alipaka matone machache tu, akayasugua kwa kiganja mpaka kiganja kikawa cha moto, akaacha siku nzima, siku mbili kukiwa na unyevu, kisha tena. Mara kumi na mbili. Hakusahau kupaka ndani ya shimo la mtambo, ndani ya mfereji wa kasiba, na mwisho wa kitako palipokatwa, ambapo mti hunywa maji kuliko mahali pengine pote. Watu wengi hupaka nje panapoonekana, wakaacha milango hiyo wazi. Nta ya nyuki wa misitu yetu ilikuja mwisho, kwa kung’aza tu. Na hapa nawaonya wasomaji wote wanaotumia mafuta ya kitani kwa milango na viti: matambara yenye mafuta hayo yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata moto yenyewe, bila kiberiti. Fundi aliyatandaza nje juu ya mawe, moja moja, mpaka yakakakamaa.

Nalimwuliza kama mninga wetu usingefaa badala ya mti wa kutoka mbali. Alisema ungefaa sana, kwa kuwa ukikauka haupungui wala haupindi ila kidogo. Vumbi lake tu huwasha pua. Lakini mninga wa halali una kibali chake, na mti uliochongwa nusu kwa mashine ulikuwa umekwisha kununuliwa.

Siku ya kuijaribu, mahali palipokubaliwa na polisi, mkwe wangu alipiga risasi tatu kwa hatua mia moja. Matundu matatu yalifunikwa na kisahani cha chai. Fundi hakuyatazama sana. Alikitoa chuma, akaangalia nyuma ya mkia: uwazi ulikuwapo, wala mti haukuwa na alama. Akarudisha skrubu, akaweka kidole penye mti na kasiba kwa pamoja huku akilegeza skrubu ya mbele, asikie kama kasiba itaruka, haikuruka. Akakata ukanda wa karatasi, akaupitisha chini ya kasiba kutoka ncha hata karibu na mtambo, akatuachia karatasi ile. Tuipitishe, alisema, kila mwezi, mwaka mzima.

Ilikuwa Oktoba, nchi imekauka. Desemba karatasi ilipita vizuri. Januari na Februari, mvua zilipokuwa nyingi, ilipita kwa kukwaruza karibu na ncha. Nalimpigia fundi simu, akasema tusiguse kitu, mti umekunywa, ngojeni. Mwishoni mwa Mei, watu wakivuna mpunga, mkwe wangu aliniita nikashike taa. Karatasi ilipita bila kugusa.